Rinda la Mwende

Juma lililopita mwanangu aliletewa sare mpya ya shule. Kabla hajaivaa niliamua kuipiga pasi, maana sare mpya hutoka kwenye nailoni yake imejikunja utadhani kuna mtu aliilalia. Kitambaa kipya kikiguswa na pasi ya moto kwa mara ya kwanza hutoa harufu fulani, kama maji ya wali yanapoanza kuchemka. Nilisimama na pasi mkononi mpaka mtoto akaniuliza kama nimeunguza. Nikamwambia hapana, nenda ukacheze. Kisha nikazima pasi, nikaketi kitandani na kulia kama mtu aliyefiwa juzi. Na mimi sijafiwa juzi. Niliyemlilia amelala ardhini miaka mingi zaidi ya ile aliyotembea juu yake.

Wenzangu wa rika langu waliokulia upande ule wanaikumbuka Kitengela ya wakati huo, kabla magorofa hayajatuzibia macho. Ukifungua mlango asubuhi ulikuwa ukiona mbuga mpaka basi, na wakati mwingine punda milia wamesimama karibu na uzio wa mtu kama wapangaji wanaongoja ufunguo. Kiangazi kilikuwa vumbi, kwenye chai, kwenye shuka, ndani ya masikio. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua kiatu na ukakaa nacho. Tulikaa kwenye ploti ya vyumba vilivyopangana mstari mmoja, bomba la maji lilikuwa pambo tu, na maji yenyewe yaliletwa na punda. Sisi ni Wakamba, tulikuwa wageni wa mji ule kama karibu kila mtu kwenye ploti. Baba alifanya kazi Namanga, mpakani, kwa bwana mmoja aliyeshughulikia karatasi za malori, akawa anakuja nyumbani Jumamosi akijaliwa. Mama alifanya kazi kiwandani, upande wa Athi River, kiwanda cha nguo.

Hicho kiwanda nilikitumia vibaya sana darasani. Nilimwambia kila aliyekuwa na masikio kwamba mama yangu anashona suruali zinazovaliwa na Wazungu, na kwamba siku moja Mzungu fulani atashuka Kitengela amevaa suruali ya mama yangu, mtaona. Sikuwa nimemwona Mama akishona hata kifungo. Jioni moja nilimwomba aniambie suruali inashonwaje, akaniambia yeye hajui. Anajua mfuko wa nyuma wa kulia.

"Tu?"

"Tu. Mfuko ukishaingia, inaenda kwa mwingine."

"Na wa kushoto anashona nani?"

"Kuna mwanamke anakaa mbele yangu."

"Mnajuana?"

"Namjua kisogo," Mama akasema, na akacheka mwenyewe.

Miaka yote ile, mfuko wa nyuma wa kulia. Lakini mtoto hapokei habari asizozitaka. Mimi niliona kwamba anayejua mfuko ni lazima ajue na suruali, na anayejua suruali hawezi kushindwa na rinda. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mdogo wangu Mwende, na Mwende akalichukua neno langu kama lilivyo.

Mwende ndiyo kwanza alikuwa ameingia darasa la kwanza. Ploti nzima ilimwita Kabonge kwa sababu ya mashavu yake na vile vikunjo vya mikononi ambavyo watoto wengine huviacha wakijifunza kutembea, yeye akavishikilia. Alikuwa na amri nyingi kuliko chifu. Alijua nani ameazima sufuria ya nani na hakurudisha, na alienda kumkumbusha. Nguo zilikuwa zikimbana kabla hazijachakaa, kwa hiyo za kwake hazikurithiwa na mtu. Zilikuwa zinapasuka.

Jioni moja ya Jumamosi, Baba akiwepo, Mwende alimsimamia Mama aliyekuwa anakata mboga za sukuma.

"Mama, si wewe ni fundi?"

"Nani amekuambia?"

"Mutheu." Huyo ndiye mimi.

Mama alinitazama, nikatazama dari.

"Basi nishonee rinda ya Krismasi," Mwende akaendelea. "Ya mitumba sitaki. Ya mitumba iko na jasho ya mtoto mwingine."

Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mshonee mtoto, mama. Kama Wazungu wanavaa, huyu ni nani?" Na alivyokuwa mtu wa kutimiza mzaha, mara iliyofuata alishuka na kitambaa alichonunua upande wa pili wa mpaka. Pamba ya rangi ya bluu yenye maua madogo ya manjano. Kilikuwa kipande kimoja, kinatosha rinda moja la mtoto na hakikubali kukosewa. Mama alikishika kwa vidole viwili na kusema ni kizuri. Leo najua alikuwa ameogopa. Hakuweza kumwambia mtoto kwamba hajui, wala hakutaka kumwambia mumewe mbele yetu.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha mabati, palikuwa na Mama Shiru, fundi cherehani, mwanamke wa Kikuyu mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Mama alimwendea Jumapili baada ya kanisa, na sisi wawili nyuma yake.

"Haiya! Miaka yote uko kiwanda na hujui kukata?"

"Kule vitu zinakuja zimekatwa, Mama Shiru. Mimi makasi sijawahi shika."

Mama Shiru alicheka kidogo, halafu akaacha, akavuta kigoda. Mama akaanza kujifunza kama mtoto wa nasari, siku ya Jumapili, wakati kibanda kimefungwa kwa wateja.

Kitu cha kwanza kilikuwa patani. Mafundi wote wa Kitengela waliziita hivyo zile karatasi za kaki zinazokatwa kwa umbo la mtu, zikawekwa juu ya kitambaa na kuzungushiwa chaki. Mama Shiru alikuwa nazo zimetundikwa ukutani, za mabibi harusi na za watoto wa shule, zote zikiwa nusu mtu, bega moja, kwapa moja, nusu ya shingo. Mwende hakupendezwa.

"Kwani mimi niko nusu?"

"Kitambaa inakunjwa mara mbili," Mama Shiru akamwambia. "Ukifungua unapata yote wewe, na hiyo tumbo yako."

Za Mwende ilibidi zikatwe upya kwa sababu hakuna ukutani iliyomtosha. Mama alitaka Mama Shiru ampime, akakataa. "Pima wewe, ndiyo ujue." Mama akashika tepu, akapima mabega, kifua, kiuno, urefu mpaka chini ya goti. Mwende alijaza tumbo hewa kwa makusudi, Mama Shiru akamtekenya ikatoka. Mama akapima tena, na tena, mpaka Mama Shiru akamwambia mtoto si wa kuuzwa kwa kilo, kata karatasi. Akakata karatasi. Ilikuwa kazi nzuri, hata mimi niliona, mviringo wa kwapa uliingia laini bila kona.

Kwanza walijaribu kwenye shuka kuukuu. Mama aliweka patani, akaizungushia chaki, akakata juu ya mstari kabisa. Huko kiwandani kila kipande kilimfikia kikiwa na nafasi ya mshono tayari, hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeiongeza. Alipomaliza kuunganisha, lile rinda la shuka lilimwingia Mwende kichwani na mikononi na likakwama hapo. Alisimama katikati ya kibanda mikono juu, uso haupo, akipiga kelele kwamba Mama amemshonea gunia. Tulicheka sana. Mama Shiru alijipiga mapaja. Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na sauti ya Mwende ndani ya shuka ilizidi kutoa amri.

Somo lile Mama alilishika kupita kiasi. Siku ya kitambaa chenyewe aliweka patani, akaacha nafasi ya kidole kama alivyofundishwa, halafu akaongeza kidole kingine. Mama Shiru hakumkataza. Nyinyi mnajua jinsi kwetu nguo za watoto zinavyokatwa. Zinakatwa kwa ajili ya mtoto wa mwaka ujao. Sweta yangu ya darasa la nne ilinifika magotini, na viatu vyangu vilikuwa na gazeti mbele. Mtoto akitoka na nguo inayomkaa sawasawa, watu walijiuliza kama wazazi wake wamepoteza akili. Kwa hiyo Mama akaacha nafasi, sote tukaona sawa, na neno lililosemwa juu ya meza ile lilikuwa moja tu: atakua.

Mimi nilipewa pasi. Ilikuwa ya makaa, nzito, na kazi yangu ilikuwa kulaza mishono Mama akishaimaliza. Hapo ndipo ilipoingia ile harufu ya maji ya wali, ikakaa.

Jumapili ya kujaribu ilipofika, rinda lilikuwa kubwa, na hakuna aliyeshangaa. Lilining'inia kidogo mabegani, na kiunoni ungeweza kuingiza mkono. Mama Shiru alilibana kwa pini pande zote mbili. "Punguza hapa na hapa. Lakini usikate kitambaa, kunja tu ndani. Akinona unaachilia." Mama akapunguza, nikalaza mishono, rinda likatundikwa ukutani kwetu, juu ya kitanda chetu, likingoja mikono na vifungo.

Siku zile Mwende alianza kutoka damu puani. Vumbi, tulisema. Ploti nzima ilikuwa inatoka damu puani mwezi ule wa upepo, au ndivyo ilivyosemekana. Alikuwa akirudi shuleni na kulala na sare yake, bila kuuliza kuna nini cha kula. Miguuni alikuwa na alama za bluu, na nilipomwuliza nani amempiga alisema hakuna, zimekuja zenyewe. Mama alimpeleka kwenye zahanati ya karibu, wakampa dawa ya minyoo, mara ya pili wakampa ya homa ya matumbo. Ukinionyesha zahanati ambayo isingetoa dawa hizo kwa mtoto wa Kitengela wakati ule, nitashangaa.

Mama aliposhona mikono na kumvalisha tena, rinda lilikuwa kubwa.

Lilikuwa kubwa palepale, mabegani na kiunoni, kana kwamba hakuna aliyepunguza kitu. Mama alilizungusha, akatazama mishono yake, ilikuwepo. Akanigeukia.

"Mutheu, wewe huvuti hii nguo ukipiga pasi?"

Sikuwa ninavuta, na nilikasirika kuulizwa. Lakini kila usiku nilikuwa nalala chini ya lile rinda, nikaanza kulichunguza, na nikapata jibu langu. Kitambaa kilikuwa kinakua. Kilitoka Namanga, na tulikuwa tumesikia mengi juu ya vitu vya mpakani: betri zinazokufa kabla ya kufika Kajiado, sabuni isiyo na povu. Kwa nini kusiwe na kitambaa kinachonyooka kikitundikwa? Nikalipima kwa shubiri, kutoka bega hadi pindo. Kesho yake nikalipima tena, shubiri zikawa zilezile. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi niliamua kwamba na mkono wangu unakua. Nikamshauri Mama alishushe ukutani alikunje, lisiendelee kujivuta. Alinisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kunisikiliza. Akalishusha, akalikunja, akaliweka chini ya mto.

Mama yangu, mwanamke mzima, alifuata ushauri ule. Nikikumbuka hapo ndipo panaponiumiza, zaidi hata ya yaliyokuja mbele.

Akapunguza mara ya pili, kando ya mshono wa kwanza. Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza, matope yakarudi, na Mwende akawa habebeki kwa sababu hataki kushikwa, alisema mifupa inamuuma. Watu wakaacha kumwita Kabonge. Sikuona walipoacha. Nilisikia tu siku moja wanamwita Mwende, nikadhani wanamheshimu kwa kuwa yuko shule.

Jumapili ya mwisho pale kibandani Mama alimvalisha kwa mara nyingine. Rinda lilimwangukia bega moja. Mwende alikaa kwenye kigoda, hakujaribu kulipandisha.

"Mimi sijui kukata," Mama akasema. "Nimekuambia tangu mwanzo, Mama Shiru. Nimeharibu kitambaa ya watu."

Mama Shiru alisogea karibu na kigoda. Alilivua rinda taratibu, akalilaza mezani ndani nje, akaitafuta ile patani ya Mwende ukutani na kuiweka juu yake. Akailinganisha na mstari wa chaki wa mwanzo, uliokuwa bado unaonekana kwa ndani. Ilikaa. Bega kwa bega, kwapa kwa kwapa. Aliishika karatasi kwa viganja viwili muda mrefu, kama inaweza kupeperuka, halafu akamtazama Mwende aliyekuwa amekaa na shimizi. Ile sauti ya kuitia mbuzi ilipotoka, ilikuwa ndogo.

"Mama Mutheu. Patani iko sawa."

"Basi nilikosea kupima."

"Ulipima sawa. Nilikuwa hapa."

"Nilikosea."

"Mami, angalia mtoto."

"Nimesema nilikosea!" Mama akapaza sauti, naye hakuwa mtu wa kupaza sauti kwa watu. "Mimi najua mfuko. Hivi vitu vingine sijui. Nilikosea kupima, utaniambia nini?"

Nilidhani wanagombana kiufundi. Niliona Mama Shiru ni muungwana, hataki kumwaibisha mwanafunzi wake, ndiyo maana anasema kazi ni nzuri ilhali sote tunaona nguo inamwanguka mtoto. Na nilimwonea Mama aibu kidogo, kwa sababu ya yale niliyowaambia watu darasani.

Sasa mimi ni mama, na naelewa vizuri alichokuwa akikishikilia. Mradi yeye ni fundi mbaya, mtoto wake ni mzima. Angekubali kuwa fundi mbaya kuliko wote Kitengela. Angekubali kuchekwa na soko zima, mradi tepu iwe ndiyo iliyokosea na si mwili wa Mwende. Alijua. Nadhani alijua hata kabla ya Mama Shiru, tangu siku aliponiuliza kama navuta nguo kwa pasi. Lakini palikuwa na rinda katikati yake na lile jambo, na aliendelea kulipunguza.

Mama Shiru alifunga kibanda, akambeba Mwende mgongoni, akamwambia Mama achukue shali. Walikwenda hospitali ya Kajiado, na kutoka Kajiado wakaelekezwa hospitali kubwa Nairobi siku iyo hiyo. Baba alitoka Namanga katikati ya wiki. Nilipomwona mlangoni siku isiyo ya Jumamosi, na matope mpaka magotini, niliogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote. Ugonjwa ulikuwa wa damu. Jina lake kamili nililijua nikiwa mkubwa, na halikunisaidia.

Nililala kwa Mama Shiru wiki zile. Mama alikuwa anakaa hospitalini, akija nyumbani kuoga na kubadilisha nguo, na kila alipokuja alikaa kidogo na rinda, akalipunguza. Hakuna aliyemwuliza sababu. Alikuwa amelipunguza sasa mpaka maua ya manjano yalikutana na kupandana pembeni.

Watoto hawakuruhusiwa wodini, lakini Jumapili moja askari wa mlangoni alinitazama, akamtazama Baba, kisha akageuka kutazama upande mwingine. Nilimtafuta Mwende kwa macho huku nimesimama mbele yake. Mashavu hayakuwepo. Alikuwa na macho tu na meno, na mkono wenye bandeji ulionyooka kitandani kama umewekwa na mtu. Daktari aliwaita Baba na Mama nje, tukabaki wawili.

"Rinda yangu imeisha?" akaniuliza.

"Imebaki vifungo."

"Mama amepunguza tena?"

"Kidogo."

Alikunja uso, nikamwona Mwende wa zamani kwa muda mfupi. "Mwambie awache kupunguza. Krismasi itafika na itakuwa inanibana kwapa. Wacha ikae kubwa. Si nitakua?"

Nikamwambia nitamwambia. Nilimwambia Mama tulipokuwa tunatoka, kwenye ngazi, nikidhani ninaleta ujumbe wa kawaida. Alisimama. Akashika ukuta, Baba akamshika mkono mwingine. Baba alinitazama kama anayetaka kunigombeza asijue kwa kosa gani.

Mwende alifariki kabla shule hazijafungwa. Mama Shiru ndiye aliyeniambia, alinikalisha kwenye kile kigoda, akasema moja kwa moja bila kuzunguka, na nilimshukuru kwa hilo baadaye ingawa siku ile nilimpiga kwa ngumi.

Ya baada ya mazishi si mengi. Tulimzika Ukambani nyumbani kwa nyanya yetu, kwenye udongo mwekundu. Mama alirudi kiwandani kwenye mfuko wake wa kulia, akaushona mpaka kiwanda chenyewe kilipofunga. Patani hakushika tena, na mimi nguo zangu zote za Krismasi zilikuwa za mitumba. Sikulalamika. Lakini nataka kusema juu ya asubuhi moja kabla ya safari ile ya kwenda kumzika.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa kanisa. Wengine walikuwa wanapika nje, wengine wameketi kwenye kitanda changu wakiimba kwa sauti ya chini. Walikuwa wanangoja nguo za kumvika Mwende, gari liko nje. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, rinda mapajani na wembe mkononi, anafumua mishono.

Mmoja wao aliona wembe akaruka, akadhani analikata kwa uchungu. Akataka kumnyang'anya.

"Mwacheni," Mama Shiru akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na leso kichwani. "Anajua kazi anafanya."

Mama hakuinua kichwa. "Mutheu, njoo unishikie."

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Nilishika kitambaa upande huu na huu nikakivuta, akapitisha wembe kwenye uzi, uzi ukakatika kwa mlio mdogo, tukasogea. Akafumua mshono wa wiki za hospitali. Akafumua wa kabla yake, na wa kabla ya huo, mpaka ule wa kwanza alioonyeshwa na Mama Shiru kwa pini. Nyuzi zilijaa mapajani mwake. Kila tulipofungua mkunjo, maua yaliyokuwa yamejificha ndani yalitokea, rangi yake nzito kuliko ya yale mengine, na mistari ya vitobo vya sindano ilibaki pembeni, mmoja kando ya mwingine. Akalikung'uta na kulinyanyua juu kwa mabega. Lilikuwa limerudi kuwa rinda la mtoto mnene.

Anti Kasiva, dada yake Mama, aliyekuja kutoka Kimana kwa ajili ya msiba, alilipokea. Yeye alikuwa ametoka kumwona Mwende huko mochari alikokuwa amelazwa. Alilitazama rinda.

"Dada, hii itakuwa kubwa. Mtoto ameisha. Acha hata tushike na pini nyuma, watu hawataona."

"Hapana."

"Itamwogelea, dada."

Mama alisimama. Alijipangusa nyuzi kwenye sketi, zikaanguka sakafuni, na wale wanawake wakaacha kuimba.

"Usiweke pini," akasema. "Hiyo ndiyo saizi yake. Sikukosea. Nilimpima vizuri."

Anti Kasiva alilikunja rinda, akalitia kwenye mfuko pamoja na soksi nyeupe, wakatoka.